Chapo Ndengu ya Julai Imetoka Mbali

Wasee, Julai imefika na Nairobi imegeuka friji. Unatoa mguu mmoja nje ya blanketi, unaurudisha. Jua linaonekana saa nane mchana, linakaa dakika kumi, linapotea kama mtu anayedaiwa. Najua watu wa ng'ambo wanatucheka tukiita hii baridi, lakini jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na nyumba zetu hazina hita. Limuru kwa kina shosho ni zaidi ya mita 2,200. Huko ukiongea asubuhi maneno yanatoka na moshi.

Na kila Julai mtaa mzima unakimbilia chakula kilekile. Chapo ndengu. Chapo madondo. Chai ya tangawizi iliyochemka hadi ikakasirika. Bajia za viazi na ukwaju. Pilau Jumapili, kama kuna pesa. Siongelei ugali, ugali ni wa mwaka mzima. Naongea kuhusu kile chakula unatafuta ukiwa umenyeshewa, umeishiwa na umeachwa, yote wiki moja. Hebu kihesabu uone: karibu chote kina mkono wa Mhindi ndani.

Juzi kwa kibanda kuna jamaa alisema, mdomo umejaa chapo, "Hawa Wahindi hawajawahi kutupatia kitu." Watu wakaitikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika chapati, wa kushoto kikombe cha chai ya maziwa, na mbele yake kachumbari. Mimi nilikuwa na mambo mengi ya kusema na foleni ilikuwa ndefu, kwa hivyo nimekuja kuyasema hapa.

Kabla hujaniuliza: mimi si profesa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Lakini kusoma hakukatazwi, na nina shosho ambaye aliishi sehemu ya hii historia kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Tuanze na mdomo wenyewe. Chapati, dania, masala, achari, bajia, kachumbari: yote ni maneno yaliyotoka India. Na si jikoni tu. Pesa ni neno la Kihindi. Gari pia. Bima, laki, hivyo hivyo. Hadi 1920 hii nchi ilikuwa inatumia rupia, si shilingi. Kwa hivyo yule jamaa alilipa chapati kwa pesa, akapanda gari akaenda zake, na bado hawajampatia kitu.

Watu wakisikia Wahindi na Kenya wanafikiria reli. Lakini Pwani ilikuwa imeshaonja mapema zaidi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta meli kutoka India zimetia nanga. Pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zimeunganisha hizi pande mbili kwa karne nyingi: meli zinakuja na nguo na shanga, zinarudi na pembe za ndovu. Chakula kilisafiri nazo. Mbaazi zenye unakula na mahamri Mombasa ni zao lililoanza kulimwa India maelfu ya miaka iliyopita. Pilau na biriani ya Pwani zina Uajemi ndani, zina Uarabuni, zina India, na zina nazi ya Mswahili. Pwani wanajua hii stori, sitawafundisha. Mimi ni wa bara, na bara tulipata yetu kwa njia nyingine, ya damu zaidi.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Waingereza waliajiri vibarua kama 32,000 kutoka India kwa mikataba, wengi wao kutoka Punjab, wakipandishwa meli Karachi. Reli ilifika Nairobi 1899, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi na hema, na ikafika Kisumu Desemba 1901. Kama kilomita 930. Waliokufa ni karibu 2,500. Piga hesabu: zaidi ya watu wawili kwa kila kilomita moja. Simba wa Tsavo ndio walipata umaarufu na filamu, lakini walioua wengi zaidi ni malaria, kuhara na ajali za kazi.

Sasa, hawa watu walikula nini? Mkataba uliwapa posho: unga au mchele, dengu, samli, chumvi. Waingereza hawakufanya hivyo kwa roho nzuri. Mtu ambaye hajala hawezi kubeba reli ya chuma. Mfanyabiashara A.M. Jeevanjee, yule wa ile bustani ya katikati ya jiji penye mnakaa kusubiri mtu ambaye hatakuja, alipata utajiri sehemu kwa kuleta vibarua na kuwalisha. Chakula kilikuja kwa magunia, na jioni kila kikundi kilipika chake: moto wa kuni, bamba la chuma, unga na maji. Unga, maji, moto. Hiyo ndiyo chapati ya kwanza ya bara. Haikuwa chakula cha wikendi. Ilikuwa mafuta ya injini ya binadamu.

Na usidhani hawa watu walitoka nchi ya joto peke yake wakashangazwa na baridi yetu. Hapa ndipo watu wengi wanakosea kuhusu India. Punjab ina majira ya baridi kabisa. Amritsar usiku wa Januari inaweza kushuka hadi nyuzi tano au chini ya hapo, na ukungu unafunga barabara. Kwa hivyo wana mapishi mazima ya baridi. Kuna mboga ya majani ya haradali inayopikwa polepole kwa masaa mpaka inakuwa laini kama uji mzito, inaliwa na mkate wa unga wa mahindi na bonge la siagi juu. Ndio, mahindi. Yalifika kwao kutoka Amerika kama yalivyofika kwetu. Kuna halwa ya karoti, inayopikwa kwa maziwa mpaka maziwa yakauke. Tarehe 13 Januari wanawasha moto mkubwa, wanakaa kuuzunguka wakila ufuta na sukari nguru. Wagujarati nao wana undhiyu, mchanganyiko wa mboga na viazi vikuu unaopikwa ndani ya chungu kilichopinduliwa juu chini, chungu kinafukiwa na moto unawashwa juu yake.

Sasa mfikirie kijana wa miaka yangu, ametoka huko, yuko ukingo wa Bonde la Ufa mwaka 1900. Mteremko ni mkali hadi wamejenga njia ya muda ya kuteremsha mabehewa kwa kamba. Usiku ni baridi kama nyumbani, lakini hakuna nyumba. Mbele kuna Mau, ambako reli inapanda hadi kama mita 2,500. Anachokijua kuhusu baridi ni kimoja tu: chemsha dengu, tia tangawizi kama ipo, kanda unga. Mimi nikikula chapo ndengu Julai hii nafikiria huyo mtu kuliko nafikiria mkahawa wowote wa Westlands wenye mishumaa.

Reli ilipoisha wengi walirudi kwao. Kama 6,700 walibaki. Na hapa nirekebishe kitu chenye hata mwalimu wangu wa sekondari alikuwa anasema: si kweli kwamba Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Wengi wa familia za leo zilikuja baadaye, kama wauza duka, makarani, mafundi, waashi. Walifuata njia ambayo vibarua waliifungua. Alidina Visram kutoka Kutch alifungua maduka kuifuata reli hadi Uganda, na akafungulia wengine njia. Duka la Mhindi likawa mahali pa kupata chumvi, sukari, kitambaa, mafuta ya taa na unga.

Waingereza hawakuwa wanawapenda. Waliwazuia kumiliki mashamba kwenye nyanda za juu, wakawabana mijini. Mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi hapa Nairobi, soko lilichomwa moto. Jiji likapangwa kwa rangi: Wazungu juu penye miti, Wahindi Ngara na Parklands na Pangani, Waafrika Pumwani na kwenye vibanda vya wafanyakazi wa reli. Mtu asikudanganye kwamba jiji letu liligawanyika lenyewe. Lilichorwa.

Sasa swali langu: kama watu walitengwa hivyo, chapati ilivukaje?

Ilivuka kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Shosho wangu alienda Ngara 1966, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, kufanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya Wahindi. Hajui kusoma sana lakini anakumbuka kila kitu cha ile jikoni. Aliyemfundisha kusukuma chapati ni mama mzee wa ile nyumba, mama mkwe wa memsaab. Mzee alikuwa anakaa kwa kigoda, hasemi Kiswahili kizuri, anampiga kofi dogo mkononi shosho akitia maji mengi. Alimfundisha kusikia unga kwa vidole, si kwa macho. Alimfundisha kukaanga jira na vitunguu kwanza, ndengu baadaye. Shosho bado anafanya hivyo, na bado anaita jira "jira", si binzari nyembamba.

Na katika nyumba hiyohiyo shosho alikuwa na kikombe chake cha bati, kinakaa chini ya sinki, hakichanganywi na vikombe vingine. Sahani yake pia. Alikula baada ya wote kumaliza, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Nilimuuliza kama alikuwa anakasirika. Alinyamaza kidogo akisukuma chapati, halafu akasema, "Kikombe changu walikikataa. Lakini chapati nilizoshika na hii mikono walikula zote."

Sijawahi kusoma sentensi kama hiyo kwa kitabu cha historia.

Kwa hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi tupige makofi ati Wahindi walituletea chapati na mambo yaishe. Wengi wetu tuna shosho au mathe au auntie aliyepitia jikoni kama ile, na hiyo ni sehemu ya chakula kama vile chumvi ni sehemu ya chakula. Lakini pia sikubali ile stori ya yule jamaa wa kibanda. Kibarua wa Punjab aliyekufa Tsavo hakumnyima shosho kikombe. Mama mzee wa kigoda alitoa maarifa ya maisha yake yote kwa msichana wa Limuru, katika nyumba ambayo msichana huyo hakuruhusiwa kukaa kwa meza. Yote yalitendeka. Mimi nayabeba yote mawili.

Mwaka 1967 serikali yetu ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara. Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza na hawakuwa wamechukua uraia wa Kenya wakaona mlango unafungwa. Mwanzoni mwa 1968 watu walijaa kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi wakikimbilia Uingereza kabla nayo haijawafungia. Machi mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria ya kuwazuia, ingawa pasipoti zao zilikuwa za huko. Fikiria: huku hautakiwi, kule hautakiwi, na duka lako liko katikati. Waliobaki wakawa wanahama polepole kwa miaka. Familia ya shosho ilihamia Leicester 1970. Waliuza fanicha. Mama mzee akampa shosho tawa, lile bamba zito la chuma, na msukumio. Shosho akarudi Limuru navyo.

Huko alianza kupika chapati za kuuza siku za soko, na kufundisha wanawake wa chama chake. Ni wanawake wa aina hiyo, maelfu yao, waliotoka Ngara na Parklands na Kisumu na Nakuru, ndio waliopeleka chapati kwenye vijiji ambavyo Mhindi hajawahi kukanyaga. Hakuna sanamu yao.

Na walipoipeleka waliibadilisha. Chapati ya kila siku ya India ni nyembamba, ya unga wa ngano nzima, inachomwa kavu bila mafuta. Yetu ni nyeupe, nene, imekunjwa kama konokono halafu ikasukumwa tena ili itoke na tabaka, na mafuta haikosi. Ukimwonyesha mtu wa Delhi atakwambia hiyo ni paratha. Na unga mweupe wenyewe una historia: Lord Delamere alihangaika na ngano huko Njoro, ikaliwa na magonjwa, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kwa muda mrefu unga wa ngano ulikuwa wa wenye nazo. Ndiyo maana wazazi wetu walikula chapati Krismasi tu, na mpaka leo ukimwambia baba yangu kuna chapo anavaa viatu vizuri.

Ndengu nazo zilianza kulimwa India, lakini sasa hivi ukinunua za Kitui au Makueni unamsaidia mkulima wa ukame ambaye mahindi yamemkataa. Zinakomaa haraka na mvua kidogo zinavumilia. Hicho ni chakula kilichopata kwao kwa pili.

Chai ni stori ya kuchekesha na ya kuudhi kwa pamoja. Watu wanadhani chai masala ni ya tangu enzi. Viungo ndio, Wahindi walikuwa wanachemsha tangawizi, iliki na pilipili manga kama dawa ya baridi kwa karne nyingi. Lakini majani ya chai kunywewa na kila mtu India ni jambo la juzi. Waingereza walianza mashamba ya Assam miaka ya 1830 ili wauze kwao. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakafanya kampeni kubwa kumfanya Mhindi wa kawaida anywe, wakagawa chai viwandani na kwenye stesheni za treni. Wauzaji wa barabarani wakaanza kutia maziwa mengi, sukari na viungo, wakipunguza majani kwa sababu majani ndiyo yalikuwa ghali. Wenye kampuni walikasirika. Hawakuweza kufanya kitu.

Huku kwetu chai ya kwanza ilipandwa Limuru, 1903. Kwa kina shosho hapo. Lakini kwa miongo mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kama zao lake la biashara. Aliruhusiwa kuichuma kwenye shamba la mtu mwingine. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, na KTDA ikaja 1964. Sasa angalia venye tunainywa: Mwingereza anatia maziwa kidogo juu ya maji ya majani. Sisi tunachemsha kila kitu sufuria moja hadi inapanda, kama Mhindi wa barabarani. Mkoloni alitawala miaka yote hiyo na bado tukachagua chai ya kibarua.

Sasa tuongee mwili, kwa sababu najua kuna mtu alikuja hapa kujua kama hiki chakula ni cha afya kweli.

Pilipili haikupashi joto vile unafikiri. Inagusa neva zilezile zinazohisi moto, ubongo unaambiwa kuna joto, damu inakimbilia ngozini, unatoa jasho. Jasho likikauka unapoa zaidi, kwa hivyo usile pilipili halafu utoke nje na fulana. Kinachopasha kweli ni chakula cha moto chenyewe na kazi ya mwili ya kukisaga, na protini inahitaji kazi nyingi kuliko wanga au mafuta. Ndengu zina protini na nyuzinyuzi, zinakaa tumboni, haulali njaa. Manjano yanasifiwa sana mtandaoni. Mwili unayapokea vizuri zaidi yakiwa na pilipili manga, jambo ambalo wapishi wa India walikuwa wanafanya bila maabara. Tangawizi inatuliza kichefuchefu na inafanya koo lisikie vizuri, lakini haitibu nimonia. Ukiwa na homa siku tatu nenda hospitali, usiniletee stori ya chai.

Kitu kimoja ambacho wengi hawajui: chai inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa ndengu na maharagwe. Chapo ndengu na chai kwa pamoja, kile chakula chetu pendwa, kinajipinga chenyewe. Ngoja kama saa moja ndiyo unywe, hasa wasichana na wenye upungufu wa damu. Lakini kachumbari ikiwa na nyanya na limau inasaidia mwili kuchukua hayo madini. Yule jamaa wa kibanda alikuwa amefanya moja sawa na moja vibaya.

Venye napika, nimefundishwa na shosho: loweka ndengu usiku, mwaga maji, chemsha na kipande cha tangawizi na manjano kidogo. Sufuria nyingine, mafuta vijiko viwili tu. Yakipata moto tupa jira, zikianza kupasuka weka kitunguu, kikiwa kahawia weka saumu, halafu nyanya hadi iyeyuke. Ndiyo unamwaga ndengu ndani, inalia shaaa, unaponda nusu kwa mwiko iwe nzito. Dania mwishoni. Mtu akianza na kuchemsha kila kitu pamoja, huyo hajawahi kupigwa kofi dogo mkononi. Na chapo mbili zinatosha. Chapo ni nzuri lakini mafuta ni mafuta, hata kama mababu wa mtu walijenga reli.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba chakula hakikuja upande mmoja tu. Wale waliohamia Uingereza walienda na Kenya mfukoni. Ukifika Leicester, au Wembley kule London, ambako baridi ni baridi ya kweli na saa kumi jioni giza limeingia, utakuta kwenye menyu za mikahawa ya Wahindi kitu kinaitwa "mogo". Ni mhogo. Mhogo wa kukaanga, na pilipili na limau, jina la Kiswahili likiwa limepoteza herufi moja njiani. Kuna "kuku paka", kuku wa nazi, neno la kwanza la kwetu kabisa. Kuna bajia za viazi za mtindo wa Nairobi. Mtu aliyezaliwa Leicester, ambaye hajawahi kuona Ngara, anajipasha joto Januari na mhogo akidhani ni chakula cha Kihindi. Na ni kweli ni chakula cha Kihindi. Kama vile chapo ni ya Kikenya.

Shosho aliponisikia nikisoma hiyo ya mogo kwenye simu alicheka hadi akaketi. Alisema yule mama mzee hakuwa anapenda mhogo. Shosho ndiye alikuwa anapika.

Julai 2017, katikati ya baridi kama hii, serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengine walifurahi, wengine walisema ni siasa za uchaguzi, na kwa kweli uchaguzi ulikuwa Agosti. Mimi naona zaidi ya miaka mia moja ni muda mrefu wa kusubiri kuhesabiwa. Makhan Singh alipigania vyama vya wafanyakazi wa rangi zote hapa, akafungiwa na mkoloni kutoka 1950 hadi 1961, na vijana wengi wa rika langu hawajawahi kusikia jina lake. Pia naona Wahindi wengi bado wanaishi nyuma ya geti ambalo sisi tunaingia kama wafanyakazi tu. Hizo sentensi mbili haziuani.

Kama unashuka Pwani likizo ya Agosti, usipite Makindu. Kuna hekalu la Masingasinga kando ya barabara ya Mombasa, lilijengwa 1926 na watu wa reli wa dini hiyo. Wanalisha msafiri yeyote, bure, dini yoyote, kabila lolote. Unavua viatu, unafunika kichwa, wana vitambaa kama hauna, na usiingie na sigara wala pombe. Unachukua sahani ya chuma kama za kila mtu. Dereva wa lori, familia iliyotoka na gari la mamilioni, makanga, wote foleni moja. Utapewa dengu, chapati ya kwao ile nyembamba, na mara nyingi kitu kitamu cha maziwa. Ukimaliza unapeleka sahani yako. Chai ni ile ya kuchemka na maziwa, na vikombe viko pamoja, unachukua chochote. Nilimpeleka shosho Desemba. Aliangalia vile vikombe kwa muda, akachagua kimoja, akanywa, akaenda kuongeza.